Mtaalamu Anapoondoka: Uchambuzi wa Misaada na Shughuli kwa Wazazi wa Watoto Wenye Usonji

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoanza mapema sana katika maisha ya mtoto, mara nyingi kabla hajazaliwa, na hujitokeza katika maeneo mawili: namna anavyowasiliana na kuhusiana na watu, na namna anavyoshikilia mambo, michezo au mienendo ileile kwa kuirudiarudia, huku akihisi sauti, mwanga, ladha au mguso kwa ukali au kwa uhafifu usio wa kawaida. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na hali hiyo. Kwa kuwa yupo mtoto asiyetamka neno hata moja na yupo anayesoma magazeti akiwa na miaka minne lakini hawezi kucheza na mwenzake, wataalamu huzungumzia wigo wa usonji, wakimaanisha kwamba hali ni moja ila sura zake ni nyingi na kiasi cha msaada unaohitajika hutofautiana sana kati ya mtoto na mtoto. Usonji hauambukizi, hauponywi kwa dawa na hudumu maisha yote, jambo ambalo halina maana kwamba mtoto habadiliki, kwani wengi hujifunza kuwasiliana, kujihudumia na kuishi na wengine wakipata msaada unaofaa.

Mzazi anapoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba mwanawe ana usonji, aghalabu hupewa pia orodha ya watu anaotakiwa kuwaona: daktari bingwa wa watoto, mtaalamu wa tiba ya lugha na matamshi, mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani yule anayemsaidia mtu kumudu shughuli za kila siku kama kula, kuvaa na kuandika, pamoja na mwanasaikolojia na mwalimu wa elimu maalumu. Orodha hiyo ni sahihi, lakini katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki watu hao ni wachache na wengi wao wako katika miji mikubwa, hivi kwamba familia iliyoko Tunduru au Lodwar inaweza kusafiri siku nzima kwa ajili ya nusu saa ya huduma, kisha ikarudi nyumbani kusubiri miezi. Kwa sababu hiyo, uchambuzi wa misaada iliyopo hauna budi kuanza na kipimo tofauti na wingi wa wataalamu: kila huduma, mafunzo au kifaa kipimwe kwa kile kinachobaki mikononi mwa mzazi mtaalamu anapoondoka. Kipimo hicho si cha kujifariji kwa sababu ya umaskini, kwa kuwa utafiti uliofanywa katika nchi tajiri nao umeelekea upande huohuo.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliyeeleza hali hii mwaka 1943 kwa kuchunguza watoto 11, aliandika pia kuhusu ubaridi aliodhani ameuona kwa baadhi ya wazazi wao, na katika miongo miwili iliyofuata wazo hilo lilikua na kuwa fundisho kamili lililodai kwamba usonji unasababishwa na mama asiyempenda mwanawe. Bruno Bettelheim wa Chuo Kikuu cha Chicago alilieneza fundisho hilo katika kitabu chake cha mwaka 1967, na matokeo yake ni kwamba watoto walitenganishwa na wazazi wao kama sehemu ya tiba. Waliolivunja ni watu wawili wenye historia tofauti. Mmoja ni Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa mwenyewe baba wa mtoto mwenye usonji, ambaye mwaka 1964 alionyesha katika kitabu chake kwamba chanzo kiko katika mwili na ubongo. Wa pili ni Eric Schopler, aliyesoma Chicago na kuyakataa mafundisho ya Bettelheim, kisha akaanzisha huko North Carolina mpango unaojulikana kama TEACCH, uliopata hadhi ya mpango wa jimbo mwaka 1972, na ambao msingi wake ni kumfanya mzazi awe mshirika wa tiba badala ya mshtakiwa.

Historia hiyo inahusu Afrika Mashariki zaidi kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu lawama kwa mama haikuhitaji Bettelheim ili ifike huku. Mama huambiwa kwamba alivunja mwiko alipokuwa mjamzito, kwamba mtoto amerogwa, ana jini au pepo, au kwamba ukoo wake una laana, na lawama hiyo mara nyingi hutoka kwa watu wa karibu, wakiwamo wakwe na wakati mwingine mume mwenyewe. Athari zake ni za vitendo. Familia iliyoaibishwa humficha mtoto ndani, fedha ambazo zingelipia nauli ya kliniki huenda kwa mganga au kwa mhubiri anayeahidi muujiza, na miaka ya mwanzo, ambayo ubongo wa mtoto hujifunza kwa urahisi kuliko miaka yote, hupotea. Msaada wa kwanza ambao mzazi anahitaji, kabla ya mafunzo yoyote, ni kuelezwa waziwazi, mbele ya mwenzi wake na mbele ya bibi na babu wa mtoto ikiwezekana, kwamba hakuna alichokosea. Kiongozi wa dini anayelisema jambo hilo msikitini au kanisani hutoa huduma ambayo hospitali haiwezi kuitoa.

Si ajabu basi kwamba taasisi nyingi za usonji zimejengwa na wazazi. Uingereza, kikundi cha wazazi, akiwamo daktari wa magonjwa ya akili Lorna Wing aliyekuwa na binti mwenye usonji, kilianzisha chama chao mwaka 1962. Addis Ababa, Zemi Yenus, mama wa kijana mwenye usonji, alifungua kituo cha Joy mwaka 2002 wakati ambapo karibu hakuna shule nchini Ethiopia iliyokuwa tayari kuwapokea watoto hao. Nairobi, wazazi waliunda Autism Society of Kenya mwaka 2003, na kitengo cha usonji katika Shule ya Msingi ya City, eneo la Ngara, kikawa mfano wa jinsi darasa maalumu linavyoweza kukaa ndani ya shule ya kawaida ya serikali. Tanzania Bara ina chama cha kitaifa cha watu wenye usonji, NAPA-T, pamoja na taasisi kama Lukiza Autism Foundation, na Zanzibar ina jumuiya ya ZAPDD, inayowahudumia watu wenye ulemavu wa akili na wa makuzi na familia zao. Thamani ya vyama hivi haiko katika mikutano ya tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2008, ingawa siku hiyo ina kazi yake. Iko katika mambo madogo ambayo mzazi aliyetangulia huyajua na daktari huyakosa, kama vile ni shule gani inampokea mtoto asiyesema, ni kinyozi gani ana subira, na ni fomu ipi ijazwe katika ofisi ipi.

Kuhusu utambuzi, dalili ambazo mzazi anaweza kuziona kabla ya mtoto kutimiza miaka miwili zinafahamika vizuri: kutogeuka anapoitwa jina, kutonyoosha kidole kumwonyesha mtu kitu kinachompendeza, kutopunga mkono wala kuiga, kutazama macho ya watu kwa nadra, kuchelewa kusema au kuyapoteza maneno aliyokwisha kuyasema. Dalili moja peke yake haitoshi. Zikikusanyika, hatua ya kwanza ni kupima usikivu, kwa sababu mtoto asiyesikia hufanana kwa mengi na mtoto mwenye usonji, na kipimo hicho kinapatikana katika hospitali nyingi za rufaa. Hatua ya pili ni kuuliza kuhusu kifafa, ambacho huwapata watoto wenye usonji kwa kiwango kikubwa kuliko wengine na ambacho, tofauti na usonji wenyewe, kina dawa. Kauli ya kwamba mtoto wa kiume huchelewa kusema na asubiriwe mpaka miaka mitano imewaponza wengi, kwani shughuli zinazofaa kumsaidia mtoto aliyechelewa kuongea hazimdhuru hata kama baadaye itagundulika kwamba hana usonji. Hakuna sababu ya kusubiri karatasi ya daktari ndipo mzazi aanze kazi.

Kuhusu tiba zisizofaa, maneno machache yanatosha, ila yasemwe kwa uzito. Dai la kwamba chanjo ya surua husababisha usonji lilitokana na makala ya mwaka 1998 iliyohusu watoto 12, ambayo jarida lililoichapisha liliifuta mwaka 2010, na utafiti wa Denmark wa mwaka 2019 uliofuatilia watoto 657,461 haukuona uhusiano wowote. Kumnyima mtoto chanjo kwa hofu hiyo ni kumwacha wazi kwa ugonjwa unaoua. Michanganyiko ya klorini inayouzwa mitandaoni kama dawa ya usonji ni kemikali za kupaushia nguo, na dawa za kutoa madini mwilini zilisababisha kifo cha mtoto wa miaka 5 nchini Marekani mwaka 2005. Zipo dawa chache ambazo daktari anaweza kuzitoa ili kupunguza hasira kali, kukosa usingizi au kifafa, lakini hakuna inayotibu usonji wenyewe, na yeyote anayeahidi kuuponya kwa malipo anapaswa kuepukwa, awe amevaa kanzu, suti au koti jeupe.

Miongoni mwa mbinu za kitaalamu, iliyotawala mjadala kwa muda mrefu ni uchambuzi wa tabia uliotumika, unaofahamika kwa herufi ABA, ambao huigawa stadi katika hatua ndogondogo na kumzawadia mtoto kila anapoitimiza moja. Ivar Lovaas wa Los Angeles aliripoti mwaka 1987 kwamba kati ya watoto 19 waliofundishwa kwa takriban saa 40 kila wiki, 9 waliweza kuingia darasa la kwanza la kawaida, na taarifa hiyo iliwapa wazazi matumaini makubwa. Utafiti huo, hata hivyo, ulikuwa mdogo, watoto hawakugawanywa kwa bahati nasibu, na adhabu, kikiwamo kibao cha pajani, zilikuwa sehemu ya mbinu zake. Zaidi ya hayo, watu wazima wenye usonji waliopitia mafunzo ya aina hiyo wameeleza kwamba walifundishwa kuficha hali yao kwa gharama ya amani yao. Wazo la kugawa stadi na kumpongeza mtoto bado ni zuri, lakini saa 40 za mtaalamu haziwezekani kwa familia ya kawaida ya Mbeya au Kisumu, na kulazimisha mtoto atazame macho au aache kupunga mikono pale ambapo hamdhuru mtu si lengo linalostahili juhudi za mzazi.

Mwelekeo mwingine unaostahili kuzingatiwa zaidi ni ule wa kumfundisha mzazi mwenyewe. Nchini Uingereza, Jonathan Green na wenzake walifanya jaribio liitwalo PACT, lililochapishwa mwaka 2010 na kuhusisha watoto 152, ambapo mtaalamu humrekodi mzazi kwa video akicheza na mwanawe, kisha wakaitazama pamoja ili mzazi aone ni wapi mtoto alijaribu kuwasiliana na ishara yake ikapita bila kujibiwa. Matokeo ya awali yalikuwa ya wastani: wazazi walibadilika wazi katika namna ya kuwaitikia watoto, huku dalili za watoto zikibadilika kidogo tu. Lakini watafiti waliporejea kwa watoto 121 miaka ipatayo sita baadaye, na kuchapisha matokeo mwaka 2016, walikuta kwamba dalili za watoto ambao wazazi wao walifundishwa zilikuwa nafuu kuliko za wenzao. Mwaka huohuo yalitoka matokeo ya jaribio la PASS, lililotokana na hilo la kwanza, ambalo liliwahusisha watoto 65 huko Goa, India, na Rawalpindi, Pakistan, na ambalo wahudumu wake hawakuwa wataalamu waliobobea bali watu wa kawaida waliofunzwa na kusimamiwa. Nako wazazi walijifunza kuwaitikia watoto wao vizuri zaidi. Jaribio hilo dogo ndilo lenye somo kubwa kwa nchi ambazo zina wahudumu wa afya ya jamii wengi na wataalamu wa usonji wachache.

Shirika la Afya Duniani limekwisha kuandaa mpango unaofuata njia hiyo kwa familia za watoto wa miaka 2 hadi 9 waliochelewa kukua au wenye ulemavu wa makuzi. Mpango huo una vipindi 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na unawafundisha walezi kucheza na mtoto, kukuza mawasiliano, kushughulikia tabia ngumu, kufundisha stadi za kujihudumia na kutunza afya ya akili ya mlezi mwenyewe. Umejaribiwa katika nchi nyingi, Ethiopia na Kenya zikiwamo, na toleo la mtandaoni lililotoka mwaka 2022 hutolewa bure. Watafiti wa Kilifi, ambako kuna kituo kikubwa cha utafiti wa afya ya watoto, wamekuwa mstari wa mbele katika kazi hii kwenye eneo la pwani. Ni vigumu kuona mpango mwingine ambao wizara za afya za kanda hii zingeweza kuueneza kwa gharama ndogo zaidi.

Kinachofundishwa katika mipango hiyo hakihitaji chumba maalumu wala vifaa ghali, na ndipo shughuli za nyumbani zinapoingia. Ya kwanza, na pengine ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, ni kile kinachoitwa umakini wa pamoja, yaani mtoto na mtu mwingine kuelekeza fikra zao kwenye kitu kimoja huku kila mmoja akijua kwamba mwenzake anakiangalia pia. Lugha huota hapo. Mzazi hamvuti mtoto aache anachokifanya, bali humfuata: mtoto akizungusha kifuniko cha sufuria, mzazi huketi mbele yake, usawa wa uso wake, akachukua kifuniko kingine na kukizungusha vilevile, akataja neno moja, “zungusha”, kisha akanyamaza na kusubiri. Kusubiri ndiko kunakowashinda wengi. Mtoto mwenye usonji anaweza kuhitaji sekunde kumi au zaidi ili kuitikia, na mzazi mwenye wasiwasi hujaza kimya hicho kwa maswali, “Hii ni nini? Sema mpira! Sema!”, mpaka mtoto anageuka na kuondoka.

Nyimbo za watoto na michezo ya mwili hutoa nafasi ileile kwa njia nyepesi. Mama anayembembeza mtoto miguuni huku akiimba, kisha akakatiza wimbo kabla ya neno la mwisho, humpa mtoto sababu ya kutazama, kutoa sauti au kumsukuma mkono ili mchezo uendelee, na kila mojawapo ya ishara hizo inastahili kuhesabiwa kuwa mawasiliano na kujibiwa papo hapo. Kanuni hiyo hutumika pia mezani. Badala ya kumwekea mtoto kikombe kilichojaa, mzazi humtilia maji kidogo, akashika jagi mahali panapoonekana, akangoja aombe kwa mkono, kwa macho, kwa picha au kwa neno. Jambo la kuzingatia ni kwamba lengo si kumtesa kwa kiu, na akianza kulia basi muda wa kungoja umepita kiasi.

Kazi za nyumbani ni hazina ambayo vituo vingi vya kulipia hujaribu kuiga kwa vifaa vya plastiki. Kuchambua maharage, kupanga vijiko na vikombe, kukanda unga wa chapati, kuanua na kukunja nguo, kumwagilia mchicha, kuosha mikono kwa hatua zilezile kila siku, zote hufundisha kutumia vidole, kufuata mfuatano na kumaliza jambo lililoanzwa, na humpa mtoto nafasi yenye heshima katika familia. Stadi ndefu hufundishwa kwa kuanzia mwisho: katika kuvaa suruali, mzazi hufanya yote akamwachia mtoto kuvuta kiunoni tu, na akiiweza hatua hiyo, huachiwa na ile iliyoitangulia, ili kila mara mtoto ndiye amalize na aone kazi imekamilika. Mtoto anayesumbuliwa na sauti na mguso huweza kutulizwa na kubembea, kuchezea mchanga au maji, kubeba ndoo ndogo yenye uzito, au kufunikwa kwa kitenge kilichokunjwa mara kadhaa, ilimradi uso uwe wazi na aweze kujifunua mwenyewe. Mzazi ndiye ajuaye kipi kinamtuliza na kipi kinamchafua, kwa sababu mtoto mmoja hutafuta kelele za mashine ya kusaga na mwingine huzikimbia akiziba masikio.

Watoto wengi wenye usonji huelewa wanachokiona kuliko wanachokisikia, na hapa ndipo ratiba ya picha inapofaa. Ratiba hiyo ni mfuatano wa picha au vitu halisi unaoonyesha siku itakavyokwenda, kama kikombe kwa ajili ya chai, sabuni kwa ajili ya kuoga, kofia kwa ajili ya kutoka, na kila jambo likiisha picha yake huondolewa. Inapunguza sana vurugu za kuhama kutoka shughuli moja kwenda nyingine, kwa kuwa kinachomtisha mtoto mara nyingi ni kutojua kinachofuata. Kwa mtoto asiyesema, upo mfumo wa kubadilishana picha, PECS, ulioanzishwa na Andy Bondy na Lori Frost huko Delaware, Marekani, mwaka 1985, ambapo mtoto humkabidhi mtu picha ya anachokitaka na kukipata mara moja. Mkusanyiko wa ARASAAC wa serikali ya Aragon, Hispania, hutoa maelfu ya picha za aina hiyo bila malipo kwa matumizi yasiyo ya biashara, na zipo programu za simu za bure kama Cboard zinazotamka neno picha inapoguswa. Mzazi asiye na simu ya kisasa anaweza kutumia vipande vya maboksi ya sabuni, majani ya chai na biskuti, na mtoto atavielewa vizuri zaidi kwa sababu ndivyo avionavyo dukani na jikoni. Hofu kwamba picha zitamfanya mtoto asiseme kamwe haina msingi: utafiti umeonyesha kwamba hazizuii usemi, na kwa baadhi ya watoto huusaidia.

Lipo suala la lugha ambalo katika kanda hii limewaumiza wazazi bila sababu. Familia huambiwa na walimu, na hata na baadhi ya matabibu, kwamba mtoto mwenye usonji hawezi kubeba lugha mbili, hivyo wazungumze naye Kiingereza pekee ili aweze shule. Tafiti zilizofanywa kwa watoto wenye usonji wanaokua katika nyumba za lugha mbili hazikuona kwamba wanachelewa zaidi ya wenzao wa lugha moja. Ushauri huo una madhara, kwa sababu mama aliyezoea Kisukuma, Kikamba au Kiswahili akilazimika kusema Kiingereza chake cha kubabaisha hupunguza maneno, mzaha na nyimbo, na mtoto hubaki nje ya mazungumzo ya bibi, shangazi na majirani, ambao ndio walimu wake wa kwanza.

Tabia ngumu, kama kujipiga, kung’ata au kupiga mayowe sokoni, nazo huhitaji kusomwa kabla ya kuadhibiwa. Mzazi hushauriwa kuandika kwa wiki moja au mbili kilichotokea kabla, mtoto alifanya nini, na alipata nini baada yake, kwani hapo huonekana kama alitaka kitu, alikimbia kelele, alichoka, au ana jino linalouma na hana neno la kulisema. Fimbo humwongezea mtoto hofu bila kumpa njia nyingine ya kusema. Usalama pia usipuuzwe: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba karibu nusu ya watoto wenye usonji walijaribu kutoroka mahali salama angalau mara moja baada ya kutimiza miaka minne, na wengi wa wanaokufa katika hali hiyo huzama majini. Kwa familia zilizo karibu na bahari, ziwa, mto au kisima kilicho wazi, bangili yenye namba ya simu, komeo la juu la mlango, na majirani wanaomjua mtoto kwa sura na jina ni mambo ya lazima, na kumfundisha kuogelea ni bora kuliko kumfungia.

Katika elimu, sheria ziko mbele ya hali halisi. Tanzania ina Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 na Mkakati wa Taifa wa Elimu Jumuishi wa 2021/22 hadi 2025/26, Chuo cha Patandi mkoani Arusha huandaa walimu wa elimu maalumu, na Shule ya Rainbow ya Irente huko Lushoto pamoja na Kituo cha Gabriella mjini Moshi ni mifano ya huduma zilizo nje ya Dar es Salaam. Kenya ilianzisha vituo vya tathmini na nyenzo za elimu, vinavyojulikana kama EARC, mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na hapo mzazi hupata tathmini na ushauri wa shule. Taasisi ya elimu maalumu ya Kenya, KISE, ikafuata mwaka 1986. Na mtaala wa umilisi una mkondo wa hatua, kuanzia msingi hadi ufundi, kwa wanafunzi wasioweza kufuata madarasa ya kawaida. Msaada wa fedha wa mpango wa serikali wa Inua Jamii kwa watu wenye ulemavu mkubwa ni shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi. Kiasi hicho hakitoshi hata nauli ya mtoto anayesoma mbali, achilia mbali chakula na msaidizi, lakini mzazi anayestahili asikiache kwa kutojiandikisha.

Afya ya mzazi mwenyewe ndiyo huduma iliyosahaulika kuliko zote. Mama asiyelala kwa sababu mtoto halali, aliyeacha biashara kwa kukosa wa kumwachia mtoto, na ambaye haalikwi tena harusini, yumo katika hatari ya sonona, yaani huzuni nzito inayoondoa nguvu ya kuishi, na mafunzo yoyote yanayomwongezea kazi bila kumpunguzia mzigo hayatadumu. Kinachosaidia kwa hakika ni watu: baba anayechukua zamu yake ya usiku badala ya kutoa fedha pekee, shangazi anayekaa na mtoto Jumamosi mchana, kikundi cha wazazi kinachoweka akiba pamoja na kupokezana kulea ili kila mmoja apate siku ya sokoni. Ndugu wa mtoto nao waelezwe hali yake kwa lugha ya umri wao, na wapewe muda wa peke yao na wazazi, kwa sababu huona mengi na kuuliza machache.

Hoja ya kumtegemea mzazi, hata hivyo, ina hatari yake, na hatari hiyo haina budi kutajwa. Iwapo mzazi ndiye tiba, ni rahisi mtoto asipoendelea mzazi akalaumiwa tena, safari hii kwa kutofanya mazoezi ya kutosha, na ni rahisi pia serikali ikaona kwamba haina haja ya kuajiri. Mafunzo kwa mzazi yana maana pale tu panapokuwa na mtu wa kumfunza, kumtembelea na kumpokea anapokwama, na mtu huyo anapaswa kuwa mhudumu wa afya wa kata au wadi yake, mwenye mshahara na msimamizi. Halmashauri na kaunti zinaweza kuanza na walionao sasa: muuguzi wa kliniki ya watoto afundishwe dalili, mhudumu wa jamii afundishwe vipindi vile 9, na mtaalamu mmoja wa hospitali ya mkoa au kaunti apewe usafiri wa kuwasimamia. Hilo likifanyika bado litabaki pengo moja kubwa ambalo karibu hakuna mpango uliotajwa humu unaoliziba, nalo ni la vijana, kwani mafunzo ya wazazi huishia miaka ya mwanzo, vitengo vingi ni vya shule za msingi, na kijana wa miaka kumi na minane mwenye usonji hurudi kukaa nyumbani na wazazi wanaozeeka. Wizara zinazohusika na elimu, kazi na ustawi wa jamii zinapaswa kulijibu suala hilo kwa karakana, mashamba na ajira zenye usimamizi, na wazazi wana haki ya kuliuliza katika kila kikao cha bajeti.